Jina la Ami Kwenye Seva ya Garsen

Ofisini kwetu Garsen funguo zilikaa kwa mkubwa, na mkubwa hapo si mwenye cheo, ni mwenye umri. Meneja alikuwa na gari na kiti cha kuzunguka, lakini funguo za ghala, za mlango wa mbele, za pipa la dizeli, hata za kabati la sukari, zote zilining'inia kiunoni kwa mtunza ghala wetu, mzee mmoja wa Kau, zikilia kila anapotembea. Hakuna aliyeitisha kikao kuliamua hilo. Mpokomo, Muorma, Mgiriama, na mimi binti wa Kipini, kila mmoja kwao ndivyo ilivyo, basi na ofisini ikawa vivyo hivyo. Mimi nilimwita ami, kama ndugu wa baba yangu. Ukitaka kitu unamwendea, "Ami, nipe ya ghala," naye anakutazama juu mpaka chini kana kwamba hajawahi kukuona, halafu anakupa.

Kompyuta ilipoletwa tuliifanya kama ghala. Ilikuwa seva ya Unix, sanduku la rangi ya chai ya maziwa, na skrini mbili zimeunganishwa nayo, za kuandikia ripoti na ujumbe wa kwenda makao makuu Mombasa. Mashine za aina hiyo hazikuachii tu ukae uandike. Lazima utaje jina lako na paswadi, nayo iseme inakujua. Fundi aliyeifunga alitengeneza jina moja la kufanyia kazi, akatwambia mengine tutatengeneza wenyewe, akaenda zake. Jina moja? Basi likawa la ami, angekuwa nani mwingine? Paswadi tukaijua sote, hadi mpishi, na kila mtu akawa anaingia kwa jina la ami, anaandika yake, anatoka. Mimi ndiye niliyekuwa karani wa kompyuta, nimesomea Mombasa, na ningeweza kumtengenezea kila mtu jina lake asubuhi moja tu. Lakini ya nini? Mlango ulikuwa unafunguka.

Halafu Mombasa wakaamua kwamba majina ya watumishi wa ofisi zote yakae kwao, kwenye orodha moja kuu, na kila seva, ya Hola, ya Lamu, ya kwetu, mtu akibisha hodi iulize Mombasa kwa laini ya simu: huyu mnamjua? Wakatuma mtaalamu aje kuiunganisha yetu. Kijana wa miwani, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na mawingu yameshaanza kujikusanya upande wa Wenje.

Kitu cha kwanza alichofanya kiliniudhi, na bado kinaniudhi. Ndani ya Unix kuna jina moja linaitwa ruti. Huyo ndiye mwenye nyumba: anaumba majina, anayafuta, anaingia chumba chochote. Paswadi ya ruti nilikuwa nayo mimi, nimesimama pale pale karibu yake. Unafikiri aliniuliza? Aliizima mashine, akaiwasha, na ilipokuwa inaamka, kabla haijapata fahamu sawasawa, akaiandikia neno moja, ikamfungulia kila kitu bila kumuuliza yeye ni nani. "Ni rahisi tu," akasema, bila kugeuka. Nikalitazama lile neno nikalimeza pamoja na hasira yangu.

Akaanza kuchungulia nani huwa anaingia na saa ngapi. "Huyu mzee wenu halali?" akauliza. "Alfajiri yumo. Magharibi yumo. Saa ya chakula yumo kwenye skrini mbili kwa mpigo." Tulicheka jamani, mpishi akashikilia mlango asianguke. Mtaalamu hakucheka. Akamwita ami, akamkalisha, akamwambia mbele yetu sote: "Mzee, mashine haioni sura. Kila kilichoandikwa humu kinasema umekiandika wewe. Mtu akiandika uongo kwa jina lako, mwongo ni wewe. Akifanya ubaya, mbaya ni wewe."

Alitaka kumtisha kidogo tu, kama watu wa kompyuta wanavyopenda kutisha. Hakujua anamtisha nani. Ami hakuogopa polisi wala meneja, lakini siku ya Kiyama kusomewa mambo ambayo si yake, hilo aliliogopa. Akatoka. Tukamsikia anatawadha kwenye pipa la nje. Akarudi mikono inadondosha maji, akatugeuzia mgongo, akabadilisha paswadi kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kisha akasimama akaapa. "Wallahi, wabillahi, watallahi, tangu leo hakuna mtu atakayeandika kwa jina langu wala kukaa ndani ya jina langu, hata kwa dakika." Mtaalamu akafurahi, akasema huyu ndiye mwanafunzi wake bora. Mimi nyumbani nimefundishwa kiapo ni nini.

Kazi aliyoifanya kijana yule ilikuwa ya kuchanganya mambo mawili. Mashine ilitazama kwanza majina ya hapa hapa, yaliyoandikwa ndani yake yenyewe. Isipoliona jina, ndipo ilipouliza Mombasa. Sisi sote akatuandikisha Mombasa, kila mtu na jina lake na paswadi yake. Hapa akaacha majina mawili tu, ruti na ami. Ya ruti akabadilisha paswadi akaondoka nayo, amri ya makao makuu. La ami akaliacha kwa sababu kazi yetu yote ya nyuma ilikuwa imo ndani ya jina lile, akaona asilivuruge.

"Na laini ya simu ikikatika?" nikamuuliza.

"Dada," akasema huku anafunga mkoba, "siku hizi laini hazikatiki hivyo."

Akapanda basi la Malindi. Kwa muda mrefu baada ya hapo hatukuona basi jingine.

Mvua za mwaka ule wa El Nino wazee wa Garsen mpaka leo wanazihesabia umri wa watoto. Mto ulitoka mahali pake. Barabara ya Malindi ikaenda, ya Lamu ikaenda, ya Hola ikaenda na gari letu moja likiwa huko huko, na redio ya kusemea ikiwa ndani ya gari. Garsen ikabaki kipande cha ardhi kilichoinuka na maji pande zote, maji ya rangi ya kahawa, yametulia, yananuka ng'ombe waliokufa. Wafugaji waliokoa walichoweza, wakakipandisha kwenye tuta la barabara, ikawa huwezi kupita bila kusukuma ng'ombe matako. Watu wa mashamba ya ukingoni wakajaa shuleni. Sisi wa ofisini tukalala ofisini, kwa sababu vyumba tulivyopanga vilikuwa vimeingiwa na maji na nyoka. Kila asubuhi nilitoka nje nikatazama kijiti tulichochomeka ukingoni, na kila asubuhi maji yalikuwa yamekaribia zaidi. Unazunguka nyumba, unarudi pale pale. Unagombana na mtu, unalala naye chumba kimoja. Nilifikia kuchukia jinsi meneja anavyopuliza chai.

Laini ya simu ilikatika mapema, kama nilivyohofia. Nikakaa mbele ya skrini, nikaandika jina langu. Mashine ikalitafuta ndani, haikuliona, ikageuka kuuliza Mombasa, na Mombasa haikujibu. Ikaganda. Nikangoja. Mwishowe ikaniambia hainijui. Mimi! Mimi niliyeifuta vumbi kila siku! Akajaribu meneja, akajaribu bwana mifugo, ikawa hivyo hivyo, kama watu waliobisha hodi kwao wakaulizwa ninyi wa nani. Ami akakaa, akasema bismillahi, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, ikafunguka mara moja.

Tulipiga makofi. Maana seva ilikuwa na kifaa cha redio cha kurushia maandishi, na kifaa hicho kilikuwa hai, kinatumia betri za sola, sawa na seva yenyewe. Kwa hiyo bado tuliweza kuandika Mombasa. Ndege ya chakula ilikuwa ikiangusha magunia kila ilipopata nafasi, lakini mahali pakavu pa kuangushia palibadilika kila siku, na lazima kila asubuhi tuwaambie leo ni wapi. Tusipoandika, ndege hairuki. Ndivyo ilivyotokea kwamba shule nzima ya watu waliokimbia maji ikawa inakula kwa kidole cha ami.

Mwanzoni tulifanya mzaha. Kila mwenye ujumbe alipanga foleni, anamsomea ami, naye anaandika, kwa kuwa mtu mwingine kugusa hataki. Bwana mifugo alikuwa na mchumba Mombasa, ikambidi amtamkie mzee maneno yake ya mapenzi moja moja. "Nakukumbuka vipi?" ami anauliza, kidole hewani. "Sana," anasema bwana mifugo, macho chini. "Sana peke yake? Msichana wa watu atakuona bahili." Tulicheka hadi machozi. Kicheko hicho hakikudumu. Siku zilivyozidi ami akawa hawezi kutoka. Akienda shuleni kuswali na wenzake, anaitwa. Akilala mchana, anaamshwa. Meneja akamwekea godoro chini ya meza. Funguo zote kiunoni, na mtu mwenyewe amefungiwa.

Nikamwendea siku moja. "Ami, nipe mimi paswadi. Kiapo kina kafara, utalisha masikini, yatakwisha."

"Masikini ninaowalisha hapa hawatoshi?" akasema. Halafu akaacha mzaha. "Mwanangu, nimeapa kwa akili zangu, na nimeapa kwa sababu ya nyinyi. Nikikupa wewe leo, kesho atataka meneja, keshokutwa mpishi, tumerudi kule kule. Niache."

Nilimwacha, lakini niliona uso wake, na nilijua kinachomla. Mkewe alikuwa Kau, peke yake, na Kau iko chini kabisa, mto unapokaribia kuingia baharini. Maji yote tuliyokuwa tukiyaona yakipita Garsen yalikuwa yanakwenda kwake.

Boti ya injini ikatufikia kutoka huko chini ikiwa na dawa. Vijana wawili, wamechoka, macho mekundu. Walikuwa wamepita Kau. Ami hakuuliza habari za mkewe mbele za watu, maana kwao mtu hamtaji mke hadharani, aliuliza, "Na huko kwangu?"

Wakatazamana. Yule mkubwa akasema, "Mzee, Kau wamehama karibu wote, wamepanda vilima vya mchanga upande wa Kipini. Watu wako wa nyumbani hawataki kutoka. Tuliwaambia, tukawasihi. Wanasema mwenyewe aliaga akaamrisha mlango usiachwe mpaka arudi, na mwenyewe hajarudi. Tukamwambia, mama, mwenyewe angekuwepo angekwambia utoke. Akasema, hayo ni maneno ya mdomoni, nyinyi siwajui. Maji yako kizingitini."

Ami akakaa kwenye gunia. Akasema polepole kwamba ni kweli aliamrisha hivyo, alipoondoka mara ya mwisho, kwa sababu ya wezi wa mbuzi. Jambo dogo. Alilisema tu amesimama mlangoni, kama mtu anavyosema chochote akiwa njiani.

"Tunaondoka asubuhi jua likitoka," kijana akasema. "Nafasi ya mtu mmoja ipo. Hatujui kama tutapanda tena huku, mafuta ndiyo haya ya mwisho."

Basi ikawa wazi kwa kila mtu. Ami asiposhuka na boti ile, mama yule atakaa mlangoni mpaka maji yamchukue. Na ami akishuka, hakuna mtu Garsen ambaye mashine inamjua.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa bara, ana watoto wake, na nilimwona akijipangusa uso mara mbili kabla ya kusema. "Mzee, siwezi. Nikikuruhusu, kesho ndege hairuki. Shuleni kuna watoto." Ami akatikisa kichwa kukubali, na kukubali kwake ndiko kulikonipandisha mori.

"Nitaifungua mimi," nikasema. Nikawaeleza lile neno alilolitumia mtaalamu. Mashine ikizimwa na kuwashwa, kabla haijaamka, naweza kuingia kama mwenye nyumba na kuandika majina yetu sote hapa hapa, bila Mombasa.

"Ikikataa kuwaka?" meneja akauliza.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Unix haizimwi kama taa. Kuna amri ya kuizima kwa adabu, na amri hiyo ni ya ruti peke yake, ambaye paswadi yake tulishaiomba Mombasa wakajibu kwamba haitumwi kwa redio. Sisi tulichokuwa nacho ni swichi ya nyuma. Ukiikata ghafla, inaweza kuamka imepoteza kumbukumbu, isiamke tena, na hapo hatuna ami, hatuna mimi, hatuna chochote. Meneja akasema hapana. Akasema ni marufuku mtu kugusa swichi ile. Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, naye akanijibu, na mpishi akatoa sufuria jikoni akazipiga chini ili tunyamaze. Ami alikuwa anatutazama kama watoto wanaogombana kwenye msiba.

Asubuhi, ami alikuwa ameshaswali, kitambaa chake cha kufungia nguo za safari hakijafungwa. Hakuwa anajiandaa kwenda. Alikaa mbele ya skrini akisubiri meneja aje amwambie leo magunia yaangushwe wapi. Injini ya boti ikapigwa kule ukingoni kujaribiwa. Aliposikia, mabega yake yakashuka. Mimi sina moyo wa kutazama kitu kama hicho.

"Ami," nikasema, "iambie imwage kila kitu kwenye diski." Kuna amri ndogo ya hivyo, ya kuhifadhi kilicho kichwani mwa mashine kisipotee, hata mtu asiye ruti anaweza kuitumia. Nilimtajia herufi zake, akaziandika kabla hajaelewa. "Sasa toka." Akatoka ndani ya jina lake. Meneja akaingia na kikombe mkononi, akaniona niko nyuma ya meza, akapiga kelele jina langu. Nikakata swichi.

Sikujua mashine ile ilikuwa na sauti mpaka iliponyamaza. Vyura wa nje wakasikika wote. Meneja alisimama mdomo wazi, chai inamwagika kwenye kiatu. Nikaiwasha. Taa ikaja, maandishi yakaanza kupanda, na mimi nikaandika lile neno, nikalikosea, nikafuta, nikaandika tena.

Ikasimama. Ikasema diski ina majeraha. Ikaanza kuniuliza: hiki kimeharibika, nikitengeneze? Ndiyo. Na hiki? Ndiyo. Na hiki? Ndiyo, ndiyo, ndiyo, tengeneza, Mungu wangu! Kule nje injini ya boti ikapigwa tena, safari hii haikuzimwa. Ami alikuwa mlangoni na kitambaa chake, mpishi amemfungia nguo kwa lazima, anamsukuma, "Nenda mzee, nenda," naye hatoki. "Sitoki watu hawajala," akasema. Meneja, ambaye dakika chache zilizopita alitaka kunipiga, alikuwa amepiga magoti karibu yangu, anasoma nami maswali, anasema ndiyo kabla yangu.

Ikamaliza. Ikanifungulia. Nikaingia kwenye faili ya majina ya hapa hapa: ruti, ami, na chini yao nikaandika langu. Nikalipatia namba, nikalipatia paswadi. Nikaiacha iamke sawasawa. Nikabisha hodi kwa jina langu.

Ikanijua.

"Nenda ami!" Nikapiga kelele hiyo hata sauti ikanikatika, nami nalia, wala sikuona haya. Akatutazama sote, akasema, "Mungu awalipe," akakimbia. Sikuwahi kumwona mzee yule akikimbia. Funguo zililia njia nzima hadi ukingoni, zikipita katikati ya ng'ombe, na hatukukumbuka hata mmoja wetu kwamba anakwenda nazo mpaka meneja alipotaka kufungua ghala. Tukavunja kufuli kwa nyundo. Ujumbe wa siku ile niliandika mimi, na ndege ilikuja.

Siku zilizofuata niliwaandika wote, meneja, bwana mifugo, hata mpishi. Hakuna aliyefungwa tena mbele ya skrini. Lakini maji yalibaki, nasi tulibaki ndani yake. Nilikaa nikitazama upande wa Kau kutwa, nisijue. Niliambiwa kwa maandishi ya redio, kutoka Kipini, na niliyasoma maneno hayo mimi mwenyewe kabla ya mtu mwingine: ami alifika. Alimtoa mkewe. Walivuka wote hadi mchangani, wakafika Kipini, kwetu. Huko homa ikamshika ami, akafariki, akazikwa.

Nilitoka nje nikasimama kwenye matope. Nilijiambia, ningemwacha chini ya meza yake, angekuwa hai. Nilijiambia hivyo kila siku, hadi maji yaliposhuka, hadi mabasi yaliporudi.

Mtaalamu naye akarudi. Akashangaa kukuta majina yetu yote yamejaa hapa hapa, mimi nikamweleza kwa nini, tena kwa sauti aliyoielewa. Safari hii aliniachia ruti. Tukakubaliana: Mombasa watujue, na mashine ya Garsen itujue yenyewe pia. Sikumfuata nyuma kila alichokifanya. Nilidhani tumeelewana.

Mke wa ami alikuja alipotoka eda. Mama mwembamba, buibui limepauka, amepanda gari mbili kutoka Kipini. Alikuja kurudisha funguo. Akaziweka mezani kwa meneja, kisha akauliza kama yupo yule binti wa Kipini. Nikamletea kiti.

"Mwenyewe aliniambia," akasema, maana jina la mumewe hakulitamka hata mara moja, "kwamba kuna mashine huku ilikuwa inamjua yeye peke yake. Nikadhani ni homa inasema. Nimekuja kuiona."

Sikuweza kuvumilia. "Mama, mimi ndiye niliyemwachia aende."

Akanitazama kama ambaye hajaelewa ninalia nini. "Na ungemzuia? Si ningekuwa bado nimekaa mlangoni? Walikuja wengi wakaniambia toka. Alikuja yeye, amesimama majini mpaka hapa," akagusa kifua, "akaniambia toka. Nikatoka."

Nikamsogeza karibu na skrini. Nikaiagiza mashine ionyeshe kazi za ghala, ripoti zote za miaka ile, ambazo mbele ya kila moja huandikwa jina la mwenyewe. Zikashuka skrini nzima. Na mahali pa jina la ami palikuwa na namba. Namba tupu, mstari baada ya mstari.

Nikaelewa. Unix haiandiki jina la mtu kwenye faili yake, inaandika namba, na ukitaka kuona inakwenda kutafuta namba ile ni ya nani. Mtaalamu alikuwa amelifuta jina la ami, Mombasa na hapa, kama inavyofanywa kwa mtumishi aliyeondoka. Hakuwa na ubaya. Mashine ilitafuta, ikakosa, ikaonyesha namba.

"Yuko wapi?" mama akauliza. Hakujua kusoma.

"Ngoja kidogo, mama."

Nikaingia kama ruti. Nikafungua faili ya majina ya hapa hapa, ile inayotazamwa kwanza kabla ya Mombasa kuulizwa, nikaandika mstari mmoja: jina lake, na namba yake ile ile. Paswadi nikaiziba, ili asiingie mtu ndani yake. Nikaagiza tena. Jina la ami likashuka kutoka juu mpaka chini.

Nikamshika mama kidole, nikakiweka kwenye kioo. "Hapa. Na hapa. Na hapa."

"Yote haya ni yeye?"

"Yote."

Alikaa pale mpaka chai yake ikapoa, anashuka na kidole mstari kwa mstari. Sikumwambia kwamba nyingi kati ya ripoti hizo niliziandika mimi.